Baa za York na Baraza Zetu

Siku chache zilizopita walipita mjini mwetu mume na mke, wote wawili walimu waliostaafu kutoka Uingereza, wakakaa nasi kitako barazani baada ya sala ya alasiri, vikombe vya kahawa vikizunguka. Walipoulizwa walikuwa wapi kabla ya kuja huku, walijibu kwamba likizo yao iliyotangulia waliitumia katika mji wa York, kaskazini mwa nchi yao, wakienda kwa miguu kutoka baa moja ya kale hadi nyingine kwa muda wa siku nne. Baadhi ya waliokuwapo walicheka, na wengine wakanyamaza kwa adabu. Safari nzima ya kutazama baa! Lakini kadiri wageni wale walivyozidi kueleza ndivyo kicheko kilivyopungua, kwani ilidhihirika kwamba walikuwa wakizungumzia mji, na namna mji wa kale unavyoweza kubaki mikononi mwa wenyewe.

Tuseme wazi tangu mwanzo. Hatuna nia ya kusifu ulevi, wala hatumshauri mtu yeyote afungue baa katika mtaa ambao watu wake hawaitaki. Kileo kina madhara yake, na York yenyewe inayajua: mwisho wa juma treni hushusha makundi ya vijana waliokuja kusherehekea kabla ya harusi, na wakazi hulalamika kwa kelele na uchafu. Hata hivyo, mwenye busara hachagui mahali pa kuokota funzo. Sisi tumeliona funzo hapa, na tunapenda kuliweka mbele ya wananchi na viongozi wetu.

York si mji wa jana. Warumi waliuanzisha mwaka 71, na Wavikingi wakauteka mwaka 866. Kanisa lake kuu lilijengwa kwa zaidi ya miaka 200, likakamilika mwaka 1472, na kuta zake za mawe, zenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, zingali zinatembelewa juu yake. Mtu angedhani kwamba vitu hivyo vyatosha kumshughulisha mgeni. Mume na mke hawa walituambia kwamba kuta na kanisa waliviona siku ya kwanza wakaridhika, ila kilichowafanya wabaki siku nne ni watu waliowakuta ndani ya nyumba zile ndogo za bia. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Jina ambalo Waingereza huipa baa ya namna hiyo asili yake ni “nyumba ya watu wote”. Katika mtaa wa Stonegate ipo moja iitwayo Ye Olde Starre Inne, ambayo ibara yake imetundikwa kwenye boriti iliyovuka barabara kutoka upande huu hadi upande wa pili. Leseni yake ni ya tangu mwaka 1644, mwaka ule ule ambao mji ulizingirwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Huko Peasholme Green ipo Black Swan, nyumba ya miti na plasta iliyokuwa makazi ya ukoo wa matajiri katika karne ya 15. Katika mtaa wa Fossgate ipo Blue Bell, ndogo kama sebule, ambayo mbao za kuta zake na madirisha yake ya ndani ni yale yale yaliyowekwa mwaka 1903. Na kando ya mto Ouse ipo King’s Arms, ambayo mto ukifurika maji huingia hadi ndani, na alama za kimo cha kila gharika zimewekwa ili kila anayeingia azione. Maji yakiisha kupungua, sakafu husafishwa na mlango hufunguliwa tena.

Bibi yule alitusimulia kwamba katika moja ya nyumba hizo walimkuta mzee ameketi pembeni mwa moto, na mwenye baa alipotaka kuwapa wageni kiti chake, mzee hakuinuka wala hakuna aliyemlazimisha. Kiti kilikuwa chake miaka mingi kabla yao. Wageni wakasogezewa kigoda, wakaketi, na mzee akaanza kuwapa habari za mtaa. “Tulifurahi kwa sababu hatukuwa sisi wakubwa,” alisema bibi. Neno hilo linastahili kufikiriwa na kila anayepanga mambo ya utalii katika visiwa hivi.

Asije mtu akadhani kwamba mambo hayo yalijihifadhi yenyewe. Mwaka 1800 halmashauri ya mji wa York yenyewe ilitaka kuzibomoa kuta zile, kwa kuona kwamba zimechakaa na kwamba zinaziba njia. Ngome za mbele ya malango zikavunjwa, ikabaki moja tu, ya lango la Walmgate. Ni wananchi waliosimama kupinga, miongoni mwao mchoraji William Etty, mzaliwa wa mji huo, hata sehemu kubwa ya kuta ikanusurika. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, mwaka 1968, Bwana Esher alitoa ripoti yake juu ya hifadhi ya York. Hakushauri mji ugeuzwe makumbusho. Alishauri kwamba moyo wa biashara uendelee kupiga, uchakavu, kelele na msongamano wa magari viondolewe, na ndani ya kuta pawe mahali ambapo watu watapenda kuishi.

Nyumba za bia nazo zimepata misukosuko. Mwanzoni mwa karne hii Uingereza ilikuwa na baa zipatazo 60,000, na tangu hapo maelfu kwa maelfu zimefungwa, kwa kupanda kwa gharama, kwa kubadilika kwa desturi za watu, na kwa sababu aghalabu jengo humpa mwenyewe faida kubwa zaidi likigeuzwa makazi au duka. Serikali haikukaa kimya. Sheria ya mwaka 2011 iliwapa majirani haki ya kuomba jengo liandikwe kuwa mali yenye manufaa kwa jamii. Likitaka kuuzwa, wanaweza kupewa hadi miezi sita ya kutafuta fedha na kutoa bei yao. Kuanzia mwaka 2017, mtu hawezi kuibomoa baa wala kuigeuza kuwa kitu kingine pasipo kuomba kwanza kibali cha mipango miji. Na katika York yenyewe, mtaa wa Bishophill, baa iitwayo Golden Ball ilichukuliwa mwaka 2012 na majirani waliounda ushirika, wakachanga kwa kununua hisa, na kuiendesha wenyewe.

Ushirika! Neno hilo si geni kwetu. Vizazi viwili vilivyotangulia vililisikia kila siku, na wapo walioanza kuliona limepitwa na wakati. Leo tunaletewa habari zake na wageni, tena kutoka nchi ambayo watu wengi huidhania kuwa kila kitu huachiwa mwenye fedha.

Sasa tujiangalie sisi. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985, na uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Heshima hiyo ni kubwa. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka mchana kweupe na kuchukua roho za watu. Siku ile tulijifunza kwamba orodha haishiki dari. Jengo huponywa na mkono wa kila siku, yaani mtu anayeona ufa leo na kuuziba kabla ya masika, kwa kuwa watoto wake wanalala chini yake.

Baa si jadi yetu. Nyumba yetu ya watu wote ni baraza. Ni jiwe lililojengwa mbele ya nyumba, ambapo tajiri na mchukuzi hukaa bega kwa bega, bao huchezwa, misiba hutangazwa, ugomvi husuluhishwa na viongozi husemwa. Baraza haina leseni wala ibara. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuipoteza bila mtu kutambua. Nyumba ikihamwa na wenyewe na kuwa vyumba vya wageni, jiwe litabaki palepale, pengine litapakwa chokaa mpya na kuwekewa mito ya hariri, lakini mzee wa kiti hatakuwapo. Mgeni ataketi peke yake, atazame kuta, na siku ya pili aende ufukweni.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika watatu. Kwanza, wakuu wanaotoa vibali: ombi la kuigeuza nyumba ya makazi kuwa hoteli lisipimwe kwa idadi ya vitanda tu. Majirani waulizwe, na jibu lao liwe na uzito. Pili, wanaosimamia mapato ya utalii: sehemu ya fedha hizo irudi kwenye mapaa na mifereji ya nyumba ambazo wenyeji bado wanaishi, kwani hao ndio walinzi wasiolipwa wa urithi huu. Tatu, sisi wananchi wenyewe: pale ambapo nyumba ya ukoo imewashinda warithi, tujaribu ushirika wa mtaa kabla ya kumwita mnunuzi kutoka mbali. Watu wa Bishophill hawakuwa matajiri kutushinda kwa umoja.

Mume na mke wale waliondoka magharibi ilipokaribia. Kabla ya kuaga walimuuliza muuza kahawa kama atakuwapo kesho. Alijibu kwamba yupo mahali pale tangu baba yake. Wageni huja na kuondoka, nasi tunawakaribisha kwa moyo mweupe. Ila tusisahau tulivyoonywa na wazee wetu: usiache mbachao kwa msala upitao.