TAHARIRI: Unyevu Uliofichwa Chini ya Rundo

 

Ndugu Waislamu, ni wachache miongoni mwetu wasiokijua kisa alichokipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula lililokuwa likiuzwa, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, huyo alijitetea kuwa ni mvua iliyokinyeshea. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake.

Tumekikumbuka kisa hiki kwa sababu ya jambo ambalo kwa juu laonekana liko mbali na msikiti, nalo ni vipuri vya magari.

Gari moja lina vipande vinavyokaribia 30,000 ukihesabu hadi parafujo ya mwisho, na hakuna kiwanda kinachovitengeneza vyote. Makampuni makubwa hununua sehemu kubwa ya vipuri vyao kutoka kwa makampuni mengine, mara nyingi katika nchi za mbali ambako gharama ni nafuu. Katika hilo peke yake hatuoni kosa. Biashara ya kuvuka mipaka ni halali, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alisafiri na bidhaa hadi Sham. Kosa huanza pale anayenunua anaposhikilia bei ishuke bila kuuliza kilichopunguzwa ni kitu gani, na anayeuza anapojua kilichopunguzwa akanyamaza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kampuni ya Takata ya Japan. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1933 kwa kazi ya ufumaji, ikaja kutengeneza mikanda ya usalama, na baadaye mifuko ya hewa ambayo mafundi wetu huiita eabegi. Ndani ya mfuko huo mna kopo dogo la chuma lenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga, vidonge huwaka na kutoa gesi inayoujaza mfuko kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ili kichwa cha dereva kikute mto badala ya usukani.

Karibu na mwaka 2000, Takata ilianza kutumia amonia naitreti katika vidonge hivyo, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwa bei kuliko kemikali iliyotangulia. Hii ni kemikali ile ile inayotumika katika mbolea na baruti za migodini, na ndiyo iliyolipuka katika bandari ya Beirut tarehe 4 Agosti 2020 na kuua watu zaidi ya 200. Hufyonza unyevu. Ikikaa miaka mingi katika joto linalopanda na kushuka, na hewa yenye majimaji, vidonge huharibika. Siku ya ajali huwaka kwa kasi kupita kiasi, kopo hupasuka, na vipande vya chuma humrukia usoni na shingoni mtu yule yule ambaye mfuko uliwekwa kumlinda. Baadhi ya waliokufa walikuwa katika ajali ndogo, za kugongana tu na gari jingine, ambazo kwa kawaida mtu hushuka akiwa mzima.

Gazeti la New York Times lilieleza mwaka 2016 kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya General Motors ilimtaka muuzaji wake mwingine, Autoliv ya Sweden, atengeneze kitu cha bei kama ile ya Takata, la sivyo angepoteza biashara. Wataalamu wa Autoliv waliichunguza kemikali hiyo, wakaiona ni ya hatari, wakakataa kuitumia. Takata ikaendelea kuuza. Basi tusiambiwe kwamba hatari hiyo ilikuwa siri ambayo hakuna binadamu angeweza kuijua. Wapo waliotia mkono ndani ya rundo, wakaukuta unyevu, wakasema.

Waliobaki wakafanya nini? Mwezi Januari 2017 Takata ilikubali kuwa na hatia ya udanganyifu mbele ya mahakama ya Marekani, na ikakubali kulipa dola bilioni 1. Mashtaka yalieleza kuwa tangu karibu mwaka 2000 hadi 2015 matokeo ya majaribio yalikuwa yakirekebishwa kabla ya kupelekwa kwa watengenezaji wa magari. Mwezi Juni mwaka huo huo kampuni ikatangaza kufilisika. Makopo yapatayo milioni 67 yaliamriwa kuondolewa katika magari ya Marekani peke yake, na duniani kote idadi ilivuka milioni 100. Waliokufa Marekani wanazidi 20, na wengine wamefariki katika nchi nyingine, ikiwemo Malaysia, nchi ya Waislamu wenzetu yenye joto na unyevu kama wa mwambao wetu.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi. Magari yaliyoitwa na watengenezaji ili yabadilishwe makopo ni pamoja na baadhi ya matoleo ya Toyota Corolla, Vitz na RAV4, Honda Fit na Nissan X-Trail. Je, majina haya ni mageni kwetu? Ndiyo yanayoegeshwa nje ya misikiti yetu kila Ijumaa. Yalinunuliwa yakiwa yametumika Japan, yakapakiwa melini, yakashushwa Dar es Salaam na Mombasa. Huko Japan, kuanzia mwaka 2018 serikali ilianza kuyanyima kibali cha ukaguzi baadhi ya magari yenye makopo hatari ambayo hayajabadilishwa. Gari likishauzwa mara tatu na kuvuka bahari, barua ya mtengenezaji itamfikiaje mwenye gari wa Tanga au Unguja? Na kemikali inayoharibiwa na joto na unyevu itakuwa salama wapi kidogo kuliko Pwani?

Tunasema hivi si kwa ajili ya kutia watu hofu. Tunasema kwa sababu mnyororo huu haukuishia kiwandani. Umefika kwetu, na baadhi ya pete zake za mwisho ni watu wa safu zetu za sala. Katika jamaa zetu wamo waingizaji wa magari, wauza vipuri, mafundi na madalali. Ni rahisi kuilaani Takata, iliyo mbali. Lakini yule anayejua kuwa pedi za breki alizonazo ni bandia akaziuza ndani ya boksi lenye jina la kampuni maarufu, ana tofauti gani nayo? Na fundi anayezima taa ya eabegi kwenye dashibodi badala ya kutengeneza kilichoharibika? Na anayefunga kifuniko kipya juu ya usukani wakati mfuko wenyewe ulishalipuka na hakuna mwingine uliowekwa? Hawa wote wameweka kikavu juu na kilicholowa chini.

Wapo wanaojitetea kuwa mteja mwenyewe ndiye anayetaka cha bei nafuu. Tunawajibu kwamba kuuza cha bei nafuu si haramu, iwapo mteja ameambiwa ukweli kuwa hiki ni cha daraja gani na kitadumu kadiri gani, na iwapo si kitu cha kumuangamiza yeye na wenzake barabarani. Wapo pia wanaosema wameuza gari kama lilivyo, na mnunuzi amekubali. Wanazuoni wana maelezo marefu kuhusu sharti kama hilo, lakini Hadithi aliyoipokea Ibn Majah, inayomkataza Muislamu kumuuzia nduguye kitu chenye aibu bila kumbainishia, inamtosha mwenye kumcha Allah (s.w.). Ni kwa msingi huo fiqhi ikampa mnunuzi khiyari ya kurudisha bidhaa akigundua aibu iliyofichwa. Qur'an Tukufu nayo ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo, na inatusimulia namna watu wa Madyan walivyoangamia baada ya kumkaidi Nabii Shu'aib (a.s.), aliyewakataza jambo hilo hilo.

Ni kwa mantiki hiyo tunayasema haya kwa kila mhusika. Mwenye gari aichukue namba ya chesisi, na kwa msaada wa kijana wake mwenye simu aitafute katika tovuti ya mtengenezaji, aone kama gari lake limeitwa. Taa ya eabegi ikibaki inawaka, asiipuuze. Muingizaji afanye hivyo kabla ya kununua, si baada ya gari kufika bandarini, na akikuta dosari amwambie mteja kabla ya kupokea fedha. Muuza vipuri aseme kwa ulimi wake kipi ni halisi na kipi si halisi, bila kungoja kuulizwa. Fundi akumbuke kuwa mteja hawezi kuona anachokiona yeye chini ya boneti, kwa hiyo amekabidhiwa amana.

Mamlaka za viwango katika nchi zetu tunaziomba zihakikishe kuwa suala la magari yaliyoitwa na watengenezaji linaulizwa katika ukaguzi wa kila gari lililotumika, na orodha zake zitangazwe kwa Kiswahili chepesi. Katika dola za Kiislamu kazi hii ilikuwa ya muhtasib, aliyezunguka sokoni kukagua mizani, vyakula na kazi za mafundi. Jina la cheo limebadilika, wajibu haujabadilika.

Maimamu na makhatibu wetu nao walitaje jambo hili mimbarini. Tumezoea kuhutubia juu ya riba na ulevi, na ni sawa. Lakini ghushi ya sokoni nayo huua, na anayekufa huenda ni mpita njia ambaye hakununua wala kuuza chochote.

Tunamuomba Allah (s.w.) aturuzuku chumo la halali, atulinde tuwapo safarini, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaodhihirisha aibu za bidhaa zao hapa duniani, kabla ya Siku ambayo hakitabaki kilichofichika.

Wabillahi tawfiq.