Kuhani, ngozi na lipu ya ukuta



Jumanne ya wiki iliyopita, baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja wa parokia yangu alinisubiri kwenye kibaraza cha ofisi. Mkononi alikuwa na bahasha ya hospitali. Ana uvimbe kwenye titi, na daktari ametaka kikatwe kinyama kidogo kipelekwe maabara. Mama hataki. Shemeji yake amemwambia kwamba uvimbe ukichokozwa kwa kisu au sindano unasambaa. Mtu mwingine, huyu wa kikundi cha maombi, amemwambia kwamba kukubali kipimo ni kuukubali ugonjwa kabla haujaja. “Sasa Baba,” akaniuliza, “si tuombe tu kwanza?”

Saa kumi jioni nilikaa na kamati ya ujenzi wa kanisa la kigango. Kijana wetu mmoja mhandisi, bila kuombwa na mtu, alikuwa amechota ile mota waliyokuwa wakijengea mafundi, akaijaza kwenye kalibu ndogo za chuma, akazipeleka maabara. Majibu ya siku ya 28 yalikuwa mezani. Nguvu ya mota ile haikufika hata nusu ya ile iliyoandikwa kwenye michoro. Wakakaa kimya wote. Kisha mwenyekiti, mzee ninayemheshimu sana, akasema: “Baba Paroko, Askofu anakuja kutabaruku, tarehe imeshatangazwa. Ukuta tunauona umesimama vizuri. Si tuuweke tu mikononi mwa Mungu?”

Siku moja, swali lile lile mara mbili. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nitaeleza.

Usiku ule nilifungua kitabu ambacho seminarini tulikisoma kwa kusinzia, Mambo ya Walawi. Wengi hukipita mbio kwa sababu kimejaa vipele, ukungu na damu za wanyama. Lakini soma sura ya 13 na ya 14 kwa pamoja, bila kuruka. Katika sura ya 13 mtu mwenye alama kwenye ngozi anapelekwa kwa kuhani. Kuhani anaitazama alama ile: je, nywele zake zimegeuka kuwa nyeupe? Je, imeingia ndani kuliko ngozi? Asipopata hakika, haruhusiwi kukisia. Anamtenga mtu yule siku 7, anamtazama tena, na ikibidi anaongeza siku 7 nyingine. Katika sura ya 14 kuhani yule yule anaitwa kwenye nyumba. Mwenye nyumba ameona kitu kama ugonjwa ukutani. Kuhani anatazama mabaka ya kijani au mekundu, je, yameingia ndani kuliko uso wa ukuta? Anaifunga nyumba siku 7. Akirudi na kukuta yameenea, mawe yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, lipu inakwanguliwa, wanaleta mawe mengine na lipu nyingine. Yakirudi tena, nyumba inabomolewa, mawe, mbao na lipu yote.

Kuna jambo dogo pale ambalo hunigusa kila mara. Kabla ya kuingia, kuhani anaagiza vyombo vyote vitolewe nje, ili visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Yaani sheria ile, tunayoiona kali, ilijali sufuria za maskini.

Sasa angalia mpangilio. Kuhani hakuwa tabibu wala fundi. Kazi yake ilikuwa kutazama, kungoja na kusema kweli. Sadaka za kutakasa zilikuja baada ya uchunguzi, hazikuchukua nafasi yake. Hakuna mahali ambapo anaambiwa: usitazame, toa tu sadaka. Nabii Ezekieli naye, katika sura ya 13, anawakemea manabii waliokuwa wakiupaka ukuta dhaifu chokaa juu juu ili uonekane mzima, huku mvua ya mawe inakuja. Nadhani angewaelewa vizuri wanakamati wangu.

Maabara za leo zinafanya kazi ile ya kutazama kwa macho makali zaidi. Kinyama kilichokatwa kwa mgonjwa hutiwa kwenye dawa ya formalini kisioze, kikafunikwa kwa nta, kikakatwa vipande vyembamba vya mikroni 3 hadi 5, na mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Hupakwa rangi, zambarau kwa viini vya seli na waridi kwa sehemu nyingine, kisha daktari hukiweka chini ya hadubini na kukisoma. Mota ngumu nayo inaweza kukatwa na kusuguliwa mpaka ibaki unene wa mikroni 30 hivi, mwanga upenye ndani ya jiwe. Ikiwa ni mota ya chokaa, kama ile ya majengo ya kale ya pwani yetu ambako walichoma matumbawe kupata chokaa, mtaalamu anaweza kuiyeyusha kwa asidi: chokaa inaondoka, mchanga unabaki, anauchekecha na kujua fundi wa karne zile alichanganya nini na kwa kiasi gani. Na mota mpya ya saruji hujazwa kwenye kalibu, ikangojewa siku 28, ikabanwa na mashine mpaka ipasuke. Mashine ile haijui kwamba Askofu anakuja.

Kwa wanaodhani kwamba maabara ni adui wa imani, nitawakumbusha Oktoba 2016, Yerusalemu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Ufundi cha Athens, wakiongozwa na Profesa Antonia Moropoulou, walikuwa wakikarabati kikanisa kidogo kilichojengwa juu ya Kaburi la Bwana. Waliinua bamba la marumaru linalobusiwa na mahujaji. Chini yake wakakuta bamba lingine la kale, limepasuka, na chini ya hilo mota iliyolishikiza kwenye mwamba wenyewe. Walichukua sampuli ya mota ile. Chembe za mchanga zina tabia ya ajabu: tangu siku zilipofunikwa zisione jua tena, zinakusanya ndani yake athari za mnururisho wa ardhini, na maabara ikiziamsha kwa mwanga zinatoa mwanga wao hafifu ambao wataalamu huupima na kuhesabu miaka. Jibu lilikuwa karibu mwaka 345. Wapo waliodhani kwamba baada ya kanisa lile kubomolewa mwaka 1009 hakikubaki kitu cha enzi za Konstantino. Chembe za mchanga zilisema kimebaki.

Hakuna maabara inayoweza kupima Ufufuko, wala haikuombwa. Iliulizwa kuhusu mota, ikajibu kuhusu mota. Ningependa na sisi tuwe na adabu hiyo.

Habari ya pili ni ya karibu nasi. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliona mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye mataya, kisha akamwona mwingine. Alikuwa Mprotestanti, tena mtu wa sala kweli kweli, tumpe haki yake. Aliomba, na aliuliza. Mwaka 1961 alisafiri na wenzake kwa gari kutoka Uganda kwenda kusini, wakipita Tanganyika, hospitali kwa hospitali, wakiuliza kama watoto wenye uvimbe ule wapo. Walikuta kwamba ugonjwa unafuata nchi za joto na mvua. Vinyama kutoka kwa watoto hao vilipelekwa kwa ndege London kwa mtafiti Anthony Epstein. Miaka miwili alihangaika bila kuona kitu. Mwishoni mwa 1963 ndege iliyobeba kinyama cha mtoto wa kike ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester, na mzigo ukafika umechelewa, maji yake yamechafuka kama yaliyooza. Kabla ya kuyamwaga, waliyatazama kwa hadubini. Halikuwa vumbi la bakteria. Zilikuwa seli za mtoto yule, zinaelea, zingali hai. Kutokana na seli hizo, mwaka 1964, Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo watoto wengi wenye ugonjwa ule wanapona kwa dawa.

Virusi vile vinaitwa Epstein-Barr. Mtoto hayumo katika jina hilo. Kila ninapoisimulia habari hii nasimama hapo. Na si yeye peke yake. Mwaka 1951, Baltimore nchini Marekani, seli za Henrietta Lacks, mama mweusi aliyekuwa akiugua saratani ya shingo ya kizazi, zilichukuliwa zikakuzwa maabara bila yeye kuombwa ruhusa. Zimesaidia dunia nzima. Watoto wake walikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua. Hapo ndipo nyama ya mtu na mota vinapoachana njia. Mota haiulizwi. Mtu lazima aulizwe, aelezwe kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kukataa. Katekisimu yetu, namba 2295 na 2296, inaliweka hilo wazi, na namba 2301 inaruhusu hata maiti ichunguzwe kwa ajili ya sheria au sayansi. Kanisa halikatai nyama ya mtu itazamwe. Linakataa itazamwe kama kitu kisicho na mwenyewe. Kwa hiyo Mama wangu wa Jumanne hakukosea kuwa na maswali. Alikosewa na waliompa vitisho badala ya majibu. Daktari alipaswa kukaa naye dakika 10 zaidi, na mimi nilipaswa kuwa nimeshalihubiri jambo hili miaka mingi iliyopita.

Na sasa hasira yangu. Mwaka wangu wa tatu wa upadre nilijenga vyumba viwili vya chekechea. Mfadhili mmoja alitupa mchanga wa bure, malori matatu, mchanga wa ufukweni. Fundi alinivuta pembeni. “Baba, mchanga huu una chumvi, utakula nondo.” Nilicheka. Nilimwambia tutaunyunyizia maji ya baraka. Niliona ni utani mzuri, na nilirudia kuusimulia mbele ya watu. Fundi akanyamaza, akajenga. Miaka michache baadaye lipu ilianza kumomonyoka, kutu ikachungulia, na lenta ya chumba cha pili ikaanguka usiku wa Jumamosi. Hakukuwa na mtoto ndani. Waamini walisema ni muujiza. Niliwaacha waseme. Sijui kama ninajuta zaidi kwa mchanga au kwa ukimya ule.

Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka asubuhi. Walikufa watu 36. Siandiki haya ili kueleza chanzo chake, hiyo si kazi yangu. Naandika kwa sababu jioni ile nilisoma Mateso ya Bwana nikiwa na lenta yangu kichwani.

Najua hoja ya fedha. Kipimo cha kinyama kina gharama, na kwa mama anayeuza mboga gharama hiyo ni chakula cha watoto. Basi tulisemee hapo, tusijifiche nyuma ya maombi. Parokia inayoweza kuchangisha spika mpya na mapambo ya sikukuu inaweza kuwa na mfuko wa vipimo vya wagonjwa. Na harambee yoyote ya ujenzi inayotangaza mifuko ya saruji bila kutenga kitu cha kuipima mota, mimi naiona haijakamilika. Kuhusu hofu ya kusambaa, nilimpigia daktari nikiwa na Mama, simu tukaiweka mezani sote tusikie. Alieleza taratibu kwamba hatari kubwa ni kuchelewa. Mama alimuuliza maswali manne. Alijibiwa yote manne. Kisha akaniambia, “Mbona hakunieleza hivi siku ile?”

Sikumwambia asiombe. Tulisali pamoja, kisha tukatafuta nauli. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, ambacho ndugu zetu Waprotestanti hawamo nacho katika Biblia yao, kinamtaka mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake, na hakioni shida yoyote kuyaweka hayo mawili jirani.

Kamati tulikutana tena Ijumaa. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kusimama. Alisema amelala usiku mbili akiwaza watoto wa Utoto Mtakatifu wamekaa chini ya ukuta ule. Nimemwandikia Askofu kwamba kutabaruku kutasogezwa mbele. Kesho vijana wanaanza kubomoa, kuanzia juu ya madirisha kushuka chini. Matofali yatakayokuwa mazima yatasafishwa na kutumika tena. Fundi ni yule yule, kwa sababu ilibainika tulimpa saruji pungufu sisi wenyewe na hakuthubutu kusema.

Mama alikwenda Alhamisi. Ameambiwa majibu ni baada ya wiki mbili. Aliniomba Misa ya nia siku ya kwenda kuyachukua, nimeiandika kwenye daftari: saa 12 asubuhi, ili awahi basi la kwanza.