Barua Kutoka Milima ya Bara Hindi

Katika Uingereza ziko jamaa nyingi ambazo hata leo zimehifadhi makasha ya barua zilizoandikwa na wazee wao waliokaa Bara Hindi zamani za utawala wa Waingereza. Barua hizo husimulia homa, karamu, watumishi, na hasa safari za kupanda milima ya Himalaya ili kuikimbia hari ya kiangazi. Wajukuu huzitoa vumbi, huzipanga kwa tarehe na kuzipiga chapa. Wako miongoni mwao waombao kwamba zisomwe kama hadithi za safari tu, na marehemu asiulizwe neno, kwa kuwa alikuwa akisema na mama yake au dada yake, wala si na ulimwengu. Ombi hilo ni la upole, nami nalikataa.

Nalikataa kwa sababu ile ile wanayoitoa wao. Mtu aandikaye taarifa ya serikali hupima kila neno kwa hofu ya mkubwa wake, lakini mtu amwandikiaye dada yake hajifichi. Kama twataka kujua jinsi watawala walivyoishi na waliotawaliwa, shahidi gani atatufaa kuliko huyo asiyejua kwamba yu kizimbani?

Tumwite shahidi mmoja. Emily Eden alikuwa dada wa Lord Auckland, Gavana Mkuu wa Bara Hindi tangu 1836 hata 1842. Mwezi wa Oktoba 1837 aliondoka Calcutta pamoja na kaka yake kwenda Simla, mji wa milimani ambao leo huitwa Shimla, na barua alizompelekea dada yao kwao Uingereza zilipigwa chapa mwaka 1866 katika kitabu kiitwacho Up the Country. Ni mwandishi mcheshi sana, mwenye jicho kali, na mara nyingi hujicheka mwenyewe. Simlaumu mtu ampendaye. Lakini hebu soma polepole. Kambi iliyosafiri na Gavana ilikuwa na watu wapatao 12,000, pamoja na tembo, ngamia na farasi kwa mamia. Mji mzima huo ulikuwa ukienda kwa miguu, na kila kinywa ndani yake chataka chakula. Nao ulipita katika nchi ya Kanpur wakati wa njaa kubwa ya 1837 na 1838, iliyoua watu kwa mamia ya maelfu. Bibi Eden aliwaona wenye njaa, akaandika habari zao kwa huzuni ya kweli, na wengine walilishwa penye kambi. Kisha safari ikaendelea.

Na huko mlimani walifikaje? Simla iko juu ya bahari kwa mita zaidi ya 2,000. Reli ya kutoka Kalka haikufika mpaka 1903, na siku za Bibi Eden hapakuwa na njia ya gari. Bibi wa Kizungu alipanda katika jampani, yaani machila yenye kiti, na machila haiendi bila mabega ya watu. Piano, meza, sahani za karamu na vitabu, vyote vilipanda kwa migongo ya watu na ya wanyama. Hatuna barua hata moja ya mchukuzi wa jampani. (Mwanafunzi wa Nairobi apitaye soko la Kariokor, ambalo jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hata 1918, asidhani kwamba nasimulia habari za kigeni.)

Hapa ndipo watetezi wa wazee huinuka na kusema: yule alikuwa mtu wa wakati wake, na watu wa wakati ule hawakuona ubaya. Hoja hii yapendwa mno, na Bibi Eden mwenyewe ndiye aivunjaye. Mwezi wa Mei 1839 Waingereza wa Simla walisherehekea siku ya kuzaliwa Malkia Victoria kwa ngoma, chakula, na taa zilizoandika jina la Kandahar, mji wa Afghanistan uliokuwa umetwaliwa punde na jeshi lao. Alimwandikia dada yake kwamba Wazungu walikuwa 105, na kuwazunguka walikuwako watu wa milimani wasiopungua 3,000, wamejitanda mablanketi yao, wakitazama, na kuinama hata chini kila Mzungu alipowakaribia. Akaongeza kwamba mara nyingine hustaajabu kwa nini watu hao hawawakati vichwa wote na kuyamaliza mambo. Je, hayo ni maneno ya mtu asiyeona? Aliona, akahesabu pande zote mbili, akakunja barua. Waama, vita vile vilivyoangaziwa taa vilitangazwa hapo hapo Simla na kaka yake, tarehe 1 Oktoba 1838. Na Januari 1842 watu wapatao 16,000, askari pamoja na wafuasi wao, waliondoka Kabul katika theluji, na karibu wote waliuawa, waliganda kwa baridi au walitekwa.

Wako pia wa upande wa pili wasemao kwamba barua za namna hii zichomwe moto. Hao nao siwafuati, maana moto ungeteketeza ushahidi kwanza. George Mallory alimwandikia mkewe Ruth kutoka safari za Everest. Tarehe 7 Juni 1922 poromoko la theluji liliwaua wapagazi saba waliokuwa pamoja naye, naye alimwandikia mkewe kwamba kosa lilikuwa lake. Mwaka 2024 Magdalene College ya Cambridge ilizifungua barua zake zisomwe na mtu yeyote, bila malipo. Hivyo ndivyo ifaavyo.

Nitakalo kwa wajukuu wengine ni kwamba wasikate neno, na kando ya neno la mzee waweke habari alizoziacha. Katika milima ya Kumaon wanavijiji walilazimishwa kuchukua mizigo ya maofisa kwa desturi iliyoitwa begar, na majina yao yaliandikwa katika madaftari. Januari 1921, penye gulio la Uttarayani mjini Bageshwar, watu waliyatupa madaftari hayo katika mto Saryu. Basi barua ya babu ikisema kwamba wapagazi walikuwa wavivu, au walitoroka usiku wakaiacha mizigo njiani, mhariri aichapishe sentensi hiyo kama ilivyo, na chini yake aeleze kilichotupwa mtoni Bageshwar.