Kabla ya kumlipa muuzaji, ipime kompyuta ya mwanao

Safu hii imezoea kuzungumzia homa, lishe na chanjo. Wiki hii naomba tuweke mezani kompyuta, kwa sababu vyuo vinafunguliwa na wazazi wengi wanahesabu akiba zao.

Mwaka jana mama yangu alichukua Sh450,000 za mgawo wa kikoba akamnunulia mdogo wangu kompyuta mpakato iliyotumika. Ilikuwa inang'aa, ina stika ya i5, na muuzaji alimwambia RAM yake ni GB 8. Wiki ya pili chuoni mdogo wangu akanipigia: "Dada, nikifungua vitu viwili tu inaganda." Nikamwelekeza kwa simu mahali pa kuangalia. Ilikuwa GB 4.

Tuliporudi dukani tukaambiwa mali ikishatoka hairudi. Mama hakusema neno. Aliikunja risiti akairudisha kwenye pochi. Kilichoniuma ni kwamba kuangalia kungemchukua dakika mbili, na mimi sikuwahi kumfundisha.

Madaktari ninaowahoji kila siku hawatoi dawa kwa kutazama sura ya mgonjwa, wanapima kwanza. Stika ni sura tu. Basi mzazi, ukifika dukani omba mashine iwashwe, kisha fanya hivi.

RAM na prosesa. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi R. Kwenye kidirisha kitakachofunguka andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Tafuta mstari wa "Installed Physical Memory". Hiyo ndiyo RAM halisi. Kisha soma mstari wa "Processor". Usiishie kwenye i5, tazama namba zinazofuata. Mfano, i5-4300U ni kizazi cha nne, i5-8250U ni cha nane. Zote ni i5, lakini zimepishana miaka kadhaa.

Diski. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua "Performance", gusa "Disk". Ukiona orodha fupi tu, anza na "More details". Hapo utaona kama ni SSD au HDD. SSD huwaka haraka na haina sehemu zinazozunguka ndani, hivyo inavumilia zaidi mitikisiko ya daladala.

Toleo la Windows. Rudia kitufe cha Windows na R, andika winver. Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, kwa hiyo uliza kama mashine inaweza kupokea Windows 11. Hiyo inahitaji RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha nane.

Betri. Windows na R tena, andika cmd, Enter, kisha powercfg /batteryreport. Mashine itakuonyesha ilipohifadhi ripoti. Ifungue, linganisha "Design Capacity", yaani uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na "Full Charge Capacity", uwezo wake wa sasa. Ya pili ikiwa nusu ya ya kwanza, betri imepoteza nusu ya nguvu zake, na bei ilingane na hali hiyo.

Kama ni Mac, gusa alama ya tufaa juu kushoto, chagua "About This Mac".

Ukimaliza, piga picha skrini kwa simu yako. Mwombe muuzaji aandike kwenye risiti kiasi cha RAM, aina ya diski na namba ya mashine iliyo chini yake. Akikataa kukuachia uangalie, au akikuharakisha, funga pochi uende duka la pili. Kompyuta hazijaisha mjini.

Mdogo wangu tulimwongezea RAM mwezi uliofuata, kwa fedha ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Mama naye ameandika msinfo32 nyuma ya daftari lake la kikoba. Mwanakikundi akisema anamtafutia mtoto kompyuta, anamnakilia kwenye kipande cha karatasi kabla hajapanda gari kwenda mjini.