Watoto Wetu Hawakosi Akili, Wakosa Mtu

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yatokapo, hapa pwani twaanza mjadala ule ule: watoto wamerudi nyuma, walimu hawafundishi, wazazi hawajali. Maneno hayo yana ukweli wake, nami leo sitayapinga. Nitakalo kuwauliza wasomaji ni hili: wale waliopita, je? Yule kijana wa Kisauni au Msambweni, mwana wa mvuvi au wa mama muuza mahamri, aliyepata C+ ile imfunguliayo mlango wa shahada, au zaidi ya hiyo, baada ya mwaka yuko wapi?

Mara nyingi yuko papo hapo mtaani, juu ya bodaboda. Dadake, aliyempita kwa alama, ashapata pasipoti na yuko Saudia akifua na kupika nyumba za watu. Kazi ya halali siilaumu, lakini hiyo siyo waliyoisomea.

Tukiuliza sababu, twaambiwa ni pesa. Kweli, pesa hakuna. Lakini kabla ya pesa kuna mambo ambayo mzazi asiyesoma hayajui, na mtoto wa miaka kumi na minane hawezi kuyafumbua peke yake. Ni lazima achague masomo yake katika mtandao wa KUCCPS kabla ya muda kwisha, na akichagua kwa kufuata uzuri wa jina la kozi tu, huenda akaachwa nje na alama zake nzuri. Tangu ulipoletwa mpango wa mwaka 2023, kupangiwa chuo na kupata fedha ni mambo mawili mbali mbali. Ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB ni vya kuombwa. Aliye yatima aulizwa vyeti vya vifo vya wazazi. Kuna kutafuta wadhamini. Kisha mkopo wenyewe una nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka, na wako wazazi wacha Mungu wasemao hiyo ni riba na mwana wao hataigusa. Sisi barazani twawasifu kwa ucha Mungu wao, tukaendelea na kahawa yetu. Nani aliyewaendea akawaambia: basi riba iacheni, karo ya mwaka wa kwanza hii hapa?

Marehemu Profesa Ali Mazrui hatumtaji ila kwa fahari. Tusisahau kwamba mtihani wake wa Cambridge ulitoka kwa daraja ya tatu, na Makerere haikumchukua. Babake, Sheikh al-Amin, alikuwa ameshafariki tangu 1947. Akawa karani katika MIOME, chuo ambacho leo ni Technical University of Mombasa. Siku ya Maulidi moja, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alisimama akahutubia, na miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo Gavana Sir Philip Mitchell. Gavana akamwita, akamhoji, na hapo ndipo ulipopatikana ufadhili wa kwenda Huddersfield, Uingereza, kumaliza sekondari. Manchester akahitimu 1960, Columbia 1961, na udaktari wa Oxford akaupata 1966.

Gavana yule alikuwa mkoloni, wala simtafutii sifa. Lakini hakumpigia kijana makofi akaenda zake. Nami hujiuliza, ni wangapi waliohutubia katika Maulidi zetu, kabla yake na baada yake, na pasiwe na gavana wa kusikiliza?

Wala jambo hili si geni kwetu hata tungoje wageni watufundishe. Huko Lamu, Habib Swaleh, aliyefariki 1935, aliwaketisha darasani Riyadha watu waliodharauliwa, wakiwamo wa kizazi cha watumwa, na wakubwa wa mji wakinuna. Na sisi tuliosoma vyuoni twamjua mwalimu wa Kurani alivyokuwa: usipoonekana siku mbili, siku ya tatu yuko mlangoni kwenu, bakora mkononi, akimuuliza mamako.

Mlango huo ndio usiobishwa leo. Kila aliyepita chuo kikuu, awe mwalimu, muuguzi au karani wa bandarini, na amshike mtoto mmoja wa jirani. Mmoja tu, si kumi, na amshike tangu Kidato cha Tatu. Fomu wazijaze pamoja, na afisini waende pamoja. Na akishapanda basi la Nairobi asimwache, kwani mwaka wa kwanza ndio wenye njaa na haya ya kuomba. Harambee za kupiga picha na hundi kubwa sizikatai, ila hundi haimpigii mtoto simu kumuuliza kama amekula. Zaka nayo ina haki ya kumfikia, maana fukara hatoki katika ufukara kwa kuwa ameshika kitabu.

Ijumaa ijayo, kabla watu hawajatawanyika, imamu na aulize ni watoto wangapi wa mtaa wake watakaofanya mtihani mwaka huu. Nachelea hapatakuwa na mtu mwenye hesabu yao.