Katika Picha Hii, Nani Ana Uso?



Juma hili nataka tuzungumze habari ya vitabu vya picha, vile ambavyo vijana wetu huviita katuni. Najua baadhi yenu mtasema, "Leo karani amekosa neno la kuandika. Mambo ya watoto hayo." Ngojeni kidogo. Jambo hili lilikaribia kuvunja amani ya nyumba moja katika parokia yetu, na mimi mwenyewe nilikuwa na kosa langu ndani yake. Basi nawaeleza kama lilivyokuwa, ili lisiwapate na ninyi.

Mbele ya ofisi ya parokia pana benchi chini ya mti. Kila Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, vijana hukaa pale kupumzika. Jumamosi moja kabla ya Kwaresima iliyopita niliwasikia wakibishana kwa sauti kubwa hata nikashindwa kuandika vyeti vya ubatizo. Nilidhani ni habari ya Simba na Yanga. Kumbe sivyo. Kijana mmoja mwendesha bodaboda alikuwa na simu mkononi yenye picha. Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa na kitabu kilichochakaa, alicholetewa na mjomba wake kutoka Dar es Salaam. Wengine walikuwa wamewazunguka. Walibishana ni mchoraji yupi anayeijua kazi yake.

Wasomaji wengi mwajua katuni za kwetu. Wazee wanamkumbuka Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na waliokuja nyuma walicheka na akina Madenge na Lodi Lofa katika Sani. Lakini vijana hawa walikuwa na hadithi za Marekani, za kundi la mashujaa liitwalo X-Men. Kundi hilo lilibuniwa mwaka 1963 na mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Ni hadithi za kutunga tu. Ndani yake wamo watu waliozaliwa na nguvu za ajabu: mmoja hutoa miali machoni, mwingine majeraha yake hupona upesi. Watu wa kawaida huwaogopa na kuwachukia, nao hata hivyo huwalinda hao hao wanaowachukia. Mmoja peke yake hushindwa, wakisaidiana hushinda.

Hadithi hizo zingali zinaendelea. Mwaka 2024 zilianzishwa upya katika vitabu mbalimbali. Kimoja kilianza kwa mkono wa Ryan Stegman, na kingine kwa mkono wa David Marquez. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Kijana wa bodaboda alisema Stegman ndiye fundi, maana mistari yake ni mizito na ina nguvu, na mtu akirukaruka katika picha unaona kama atatoka nje ya karatasi. Binti alikataa. Alisema Marquez huchora sura kwa utulivu, hata ukimtazama mtu unajua kama ana huzuni au ana hasira kabla hujasoma neno lake. Mwingine akalalamika kwamba hadithi huanza na mkono wa mchoraji huyu ikaendelea na mkono wa yule, na shujaa akabadilika pua njiani.

Kijana wa bodaboda akawaeleza sababu. Kitabu cha namna hiyo kina kurasa ishirini hivi, na chatakiwa kitoke karibu kila mwezi. Mmoja huandika hadithi, mwingine huchora kwa kalamu ya risasi, mwingine hupitia mistari kwa wino, mwingine hutia rangi, na mwingine hupanga maneno. Mchoraji akichelewa, huitwa mwenzake kumpokea, kama vile sisi tunavyopokezana jembe shambani. Ndiyo maana pua hubadilika.

Kisha binti akasema neno ambalo sikulipa uzito siku ile. Alisema, "Wachoraji hawa wote wana kosa moja. Shujaa humchora mpaka kope za macho. Lakini wale watu wanaookolewa, kule nyuma, huwa vivuli tu. Hawana nyuso."

Nilipaswa kufurahi. Nimesomea ualimu, na sikuwahi kuona wanafunzi wakiitazama picha kwa bidii namna ile. Lakini nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya makelele. Nikatoka nje nikawaambia waache upuuzi, waende makwao wakasaidie kazi. Wakaondoka kimya. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Sasa sikilizeni lililofuata. Ninyi mliopo Singida mwajua kwamba kwetu habari ya mvua si ya mchezo. Mwezi wa Februari mvua ilikatika. Mahindi yakaanza kusokota majani, na hata mtama, ambao ni mvumilivu, ukaanza kulegea. Watu wakawa wakali, kila mtu akimtazama jirani yake kwa shaka.

Jumatatu moja baba yake yule binti aliingia ofisini ameshika daftari. Hakuketi. Akasema, "Karani, tazama mambo haya. Mwanangu anachora mungu wa mvua. Nyumbani kwangu! Mimi ni mtu wa Komunyo. Jirani wameiona, nao wameanza kunong'ona. Nilitaka kulitia motoni, mama yake akasema nilete kwanza kwa Baba Paroko."

Baba Paroko alikuwa amekwenda kigango cha mbali. Nilifungua ukurasa mmoja tu, nikaona mwanamke mwenye nywele nyeupe amenyosha mikono, na wingu juu yake. Nikamwambia mzee, "Umefanya vema kulileta." Nikalifungia kabatini pamoja na vitabu vya ubatizo. Hilo lilikuwa kosa langu la pili, tena kubwa kuliko la kwanza, maana nilihukumu kabla ya kutazama.

Kesho yake binti akaja. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba." Nilingoja alilie daftari lake, lakini hakuliomba. Aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, umeitazama?"

Sikuwa na jibu. Alipokwisha kuondoka nikafungua kabati, nikaketi, nikatazama kwa mara ya kwanza.

Mwanamke yule ni mmoja wa X-Men, aitwaye Storm, maana yake Dhoruba. Alitungwa mwaka 1975 na Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Katika hadithi, mama yake ni mtu wa Kenya na baba yake ni Mmarekani mpiga picha. Wazazi wakafa Kairo, naye akabaki yatima, hata akafika huku Afrika ya Mashariki. Ana uwezo wa kuita mvua na upepo, na watu wakamwabudu. Hapo ndipo mzee aliposhtuka, na hakuwa na kosa kushtuka. Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwalimu wa kundi lile alimfuata akamwambia kwamba yeye si mungu hata kidogo. Ni mwanadamu mwenye kipaji, na mwenye kipaji ana wajibu kwa wenzake. Akakubali, akaacha kuabudiwa, akaenda kufanya kazi pamoja na wengine, na baadaye akawa kiongozi wao. Mwaka 2024 alianzishiwa kitabu chake mwenyewe, kilichoandikwa na Murewa Ayodele, Mwafrika wa Nigeria, na kuchorwa na Lucas Werneck wa Brazili.

Haya nilielezwa na yule kijana wa bodaboda, nilipomwita na kumwomba radhi kwa maneno yangu ya Jumamosi. Kumbe hadithi yenyewe ilikuwa inapinga lile tuliloliogopa.

Tena picha ya binti haikuwa nakala ya kitabu. Dhoruba amemchora mdogo, juu pembeni, kama mtu anayepita. Chini yake ni mawe makubwa ya kwetu, yale ya mviringo, na shamba la mtama. Shambani wamesimama watu kumi na wawili wakitazama juu, na kila mmoja ana uso wake. Yuko bibi asiye na meno. Yuko mtoto amebebwa mgongoni, analia. Yuko mwanamume mwenye jembe, amevaa kofia iliyotoboka ukingoni. Basi nikalikumbuka neno lake la pale benchini.

Ijumaa, kabla ya Njia ya Msalaba, nilimwomba mzee aje mapema pamoja na binti yake. Nikawaongoza mpaka ukutani, kwenye picha zetu za vituo kumi na vinne. Ni picha za zamani, rangi imefifia, na zimetundikwa pale tangu sisi hatujazaliwa. Nikamwambia mzee, "Baba, hii nayo ni hadithi ya picha. Picha kumi na nne, moja baada ya moja, na asiyejua kusoma huifuata tangu mwanzo mpaka kaburini."

Si maneno yangu mapya hayo. Yapata mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Serenus, askofu wa Marseille, aliyekuwa amevunja sanamu za kanisani kwa kuogopa watu wataziabudu. Papa alikubali kwamba si halali kuziabudu, lakini alimwonya kwa kuzivunja, kwa sababu picha humfundisha asiyejua kusoma kama maandiko yanavyomfundisha ajuaye. Na mwaka 787 Mtaguso wa Nikea ukathibitisha kwamba picha takatifu zastahili heshima, lakini ibada ni ya Mungu peke yake. Nyumba yetu ya Kanisa ilikwisha kuugua ugonjwa huu wa hofu ya picha, ikapata dawa.

Nikamwuliza binti, "Hapa nani ana uso?" Akaenda polepole. Kituo cha tano: Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika, aliyekuwa anapita tu akitoka shamba. Ana uso. Kituo cha sita: Veronika. Ana uso. Kituo cha nane: wanawake wa Yerusalemu wanaolia. Kila mmoja ana uso wake, na hakuna wawili wanaofanana. Akasema, "Mchoraji huyu hakuwaacha watu wa pembeni."

Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha nikamfungulia daftari. Akawatazama wale watu kumi na wawili, akaweka kidole juu ya yule mwenye jembe. Akasema, "Hii ni kofia yangu." Akatazama tena. "Nani amekuambia uchore na tundu?"

Binti akajibu, "Baba, bila tundu asingekuwa wewe."

Mzee akajaribu kukunja uso, akashindwa. Tulicheka watatu mbele ya kituo cha tano, Mungu atusamehe, maana ilikuwa Kwaresima. Daftari alirudi nalo mwenyewe nyumbani, chini ya kwapa. Mvua ilirudi baada ya siku kadhaa. Haikuletwa na picha, wala haikuwa imezuiwa na picha.

Sasa nawageukia ninyi wazazi. Sisemi kwamba kila kitabu cha picha ni chema. Viko vichafu, vyenye matusi na aibu, na katika simu viko vingi zaidi. Mzazi anao wajibu wa kujua mtoto wake anatazama nini. Lakini hutajua kwa kunyang'anya na kufungia kabatini. Nilifanya hivyo mimi, sikujua neno. Keti na mtoto, umwambie, "Nioneshe." Kisha muulize maswali matatu. La kwanza: shujaa huyu nguvu zake anazitumia kwa faida ya nani? La pili: je, anafanya kazi pamoja na wenzake, au anataka sifa peke yake? La tatu, lile nililofundishwa na binti wa kidato cha tatu: katika picha hii, nani ana uso na nani amefanywa kivuli?

Swali hilo la tatu litawafaa hata nje ya vitabu. Tunapoeleza habari za misaada, za mikutano na za maendeleo, mara nyingi mkubwa aliyetoa hutajwa jina na cheo, na waliopokea huitwa "wananchi" tu. Hata katika nyumba zetu, baba huchorwa mpaka kope, na mtoto anayechota maji alfajiri huwa kivuli. Tuangalie.

Tena mtoto mwenye mkono wa kuchora msimwite mvivu. Jirani zetu wa Kondoa wana mapango yenye picha zilizochorwa na watu wa kale miaka mingi mno iliyopita, na mwaka 2006 UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi wa dunia. Waliochora pale majina yao hayajulikani, lakini kazi ya mikono yao watu wanaifuata kutoka mbali. Mnunulieni mtoto kalamu na daftari moja la ziada. Bei yake haizidi soda chache.

Binti yule sasa anachora picha za mafundisho ya Komunyo ya kwanza kwa watoto wa kigango chetu. Kijana wa bodaboda humkosoa kila Jumamosi pale benchini, akisema mistari yake ni myembamba mno. Wanabishana kama zamani, nami nimezoea kuandika vyeti katika makelele hayo.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.

Karani wenu wa Parokia,
Singida.