Alichoma Mji kwa Ajili Yake, Ila Hakumuuliza

Wiki ya mwisho kabla ya mitihani, bando limeisha na bumu bado halijasoma, tulijibana watano kwenye vitanda viwili vya hosteli tukatazama muvi ya Kihindi ya mwaka 1966. Ilitoka kwenye flashi ya mwenzetu mmoja, ambaye bibi yake ni wa kizazi kile ambacho ukitaja jina la Vyjayanthimala wanatabasamu kabla hujamaliza. Muvi yenyewe inaitwa Amrapali. Muongozaji ni Lekh Tandon, muziki wa Shankar na Jaikishan, sauti ya nyimbo ni Lata Mangeshkar. Nakala yetu haikuwa na DJ wa kututafsiria, kwa hiyo tulisoma maandishi ya chini ya skrini huku tukisukumana.

Ilipoisha tulibishana mpaka saa nane usiku. Wanne walisema yule mfalme alipenda kweli, na mimi nilikuwa mmoja wao. Naandika haya kwa sababu nimehama upande.

Kwa wasioijua, hadithi iko hivi. Tuko kaskazini mwa India, miaka kama 2,500 iliyopita, enzi za Buddha mwenyewe. Ajatashatru, mfalme wa Magadha, kichwa chake kimejaa vita. Ameteka kila kona, kimebaki kitu kimoja kinachomnyima usingizi: mji wa Vaishali. Anaushambulia, anapigwa vibaya, anajeruhiwa, anavaa sare za askari wa Vaishali ili asikamatwe. Anayemuuguza ni Amrapali, binti mrembo anayecheza ngoma kuliko wote mjini na anayeipenda nchi yake kupita kiasi. Hajui anamuuguza nani. Wanapendana. Kisha anajua. Anamwambia aende zake, asirudi tena.

Watu wa mji nao wanagundua, wanamwita msaliti, wanamtupa gerezani. Ajatashatru anaposikia, anarudi na jeshi zima. Vaishali inateketea. Anamfuata mpenzi wake gerezani, anamtoa nje kwa mbwembwe za mshindi, na huko nje Amrapali anaona alichofanyiwa: maiti za watu wake, uwanja mzima. Anamwacha mfalme na ushindi wake, anakwenda kwa Buddha.

Hoja ya wenzangu ilikuwa tamu. Mwanaume gani leo atakuchomea mji? Wa leo ukimwomba vocha ya buku anakwambia subiri kesho. Huyu jamaa alikuwa na himaya nzima, na wanawake angewapata wangapi tu, lakini akaweka kila kitu rehani kwa ajili ya mmoja. Kama hayo siyo mapenzi, basi mapenzi ni nini?

Nilikubali, nikalala. Asubuhi nikiwa kwenye vimbweta na desa mbele yangu, nikajikuta nahesabu. Kwanza alimficha jina lake, akaacha binti wa watu apende mtu ambaye hayupo. Pili, alipoambiwa nenda, hakwenda kwa maana ya kwenda, alikwenda kujipanga. Tatu, alipomsikia yuko matatani, hakujiuliza hata dakika moja kwamba waliomfunga ni watu anaowapenda, kwamba mji atakaouchoma ndiyo nyumbani kwake. Katika muvi nzima, mtu huyu anayesemekana kupenda kuliko wote hakukaa chini akamuuliza Amrapali: wewe unataka nini? Jibu alikuwa ameshalipewa, tena kwa sauti. Halikumfaa.

Msidhani natetea upande wa mji. Mliosoma siasa huenda mmekutana na Vaishali kwenye mihadhara. Ulikuwa mji wa ukoo wa Licchavi, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Bihar, na unatajwa miongoni mwa jamhuri za kale kabisa duniani, kwa sababu uliongozwa na baraza badala ya mfalme mmoja. Ni sifa kubwa. Lakini masimulizi ya kale kuhusu Amrapali yanasema alikuwa mrembo mno kiasi kwamba wakubwa wa mji waligombana nani amuoe. Ili wasiuane, ikaamuliwa asiolewe na yeyote, awe wa wote. Cheo chake kilikuwa na jina zuri tu, nagarvadhu, yaani bibi harusi wa mji. Fikiria hicho kikao. Wazee wamekaa, hoja zimetolewa, maamuzi yamefikiwa kwa amani, kila kitu kwa utaratibu wa jamhuri. Aliyekuwa anajadiliwa hakuwa na kura.

Ndiyo maana naona mfalme na mji ni walewale. Mmoja alisema ni wangu, wengine wakasema ni wetu, na alipojaribu kuwa wake mwenyewe, pande zote mbili zilimwadhibu: hawa kwa gereza, yule kwa moto.

Sasa nije nyumbani. Muhula uliopita, wanaume wawili walipigana nje ya kafeteria kwa sababu ya dada mmoja wa mwaka wa pili. Wengi mnaikumbuka. Mmoja alikuwa ameshakataliwa mara mbili, na dada huyo alikuwa amewaambia marafiki zake hivyo. Mwingine hata hakuwa mpenzi wake, walikuwa wanasoma pamoja tu. Viti viliruka, mtu alishonwa nyuzi juu ya jicho. Klipu ikaingia kwenye makundi yetu kabla hata damu haijakauka, na chini yake mtu akaandika kozi ya yule dada, mwaka wake, na hosteli anayokaa.

Mimi niliweka emoji tatu za kucheka, nikaituma kundi jingine.

Wale jamaa walipewa onyo. Wiki haikuisha walikuwa wanapeana mikono mezani, mmoja akabatizwa jina la simba, na kuna wasichana waliosema, nikiwasikia kwa masikio yangu, kwamba wangependa kupiganiwa hivyo. Yule dada alianza kukaa viti vya nyuma. Halafu seminari akawa haji. Halafu tukasikia ameahirisha mwaka. Sijui sababu zake zote na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba watu walipokuwa wanauliza chanzo cha ugomvi, jibu lilikuwa jina lake, na wala siyo la aliyerusha kiti cha kwanza.

Kuna atakayesema nimeipa muvi mzigo usio wake. Hii ni burudani bwana, watu wanacheza, wanaimba, kila mtu anavaa dhahabu, we unaleta kesi za hosteli. Nakubali kwamba inavutia kuitazama. Bhanu Athaiya, aliyebuni mavazi, alichukua mifano kutoka michoro ya kale ya mapango ya Ajanta, na huyu huyu baadaye alikuja kuwa Mhindi wa kwanza kushinda Oscar, kwa mavazi ya filamu ya Gandhi. Vyjayanthimala alifundwa ngoma za jadi tangu utotoni na inaonekana katika kila hatua. Na nakiri muvi yenyewe haina mikono safi: kamera inamkodolea macho Amrapali kama wale wazee wa baraza walivyomkodolea.

Lakini angalia inavyoishia. Ingekuwa rahisi mno mfalme ampakie kwenye gari la farasi, nyimbo zipigwe, watu waende nyumbani wanafuta machozi. Badala yake muvi inamlazimisha atembee na huyo mwanamke katikati ya maiti na kumtazama akigeuka. India iliipeleka kuiwakilisha kwenye tuzo za Oscar, lakini kwenye majumba ya sinema haikufanya vizuri. Sishangai sana. Watu tunapenda kuona moto ukilipwa kwa busu.

Nina ugomvi mmoja tu na mwisho huo. Amrapali anapata amani pale anapoiacha dunia. Kwake labda ilikuwa wito wa kweli, na ninauheshimu. Ila sisi hapa chuoni tumeshalifanya kuwa suluhisho: dada akisumbuliwa, dada ahame hosteli, dada abadilishe kundi la seminari, dada aahirishe mwaka. Waliochoma mji wanabaki kuhudhuria vipindi.

Maandiko ya kale ya Kibudha, ambayo kwa njia humtaja Bimbisara, baba yake Ajatashatru, kuwa ndiye aliyekuwa na uhusiano na Amrapali, yana kisa ambacho muvi haikukipa nafasi ninayodhani kilistahili. Buddha alipofika Vaishali, Amrapali alimwalika chakula, naye akakubali. Njiani kurudi, gari lake likagongana na magari ya vijana wakubwa wa Licchavi waliokuwa wanakwenda kumwalika Buddha huyohuyo. Wakamtaka awauzie ule mwaliko kwa fedha nyingi mno. Akakataa. Akawaambia kwamba hata wangempa Vaishali nzima na ardhi yake, asingeutoa. Hao ni watoto wa watu walioamua maisha yake bila kumuuliza, na siku hiyo walikuwa barabarani wanambembeleza.

Kila nikifikiria kisa hicho najiuliza kwa nini tulibishana mpaka saa nane usiku kuhusu moyo wa mfalme, na hakuna aliyeuliza kuhusu hapana ya Amrapali. Tuliisikia wote watano, imeandikwa pale chini ya skrini, na tukaipita kama tangazo.

Ile klipu ya kafeteria bado ipo kwenye makundi mawili ninayoyajua. Kwenye simu yangu nimeifuta, jambo ambalo halimsaidii mtu. Nimemwomba CR wetu aiondoe kwenye kundi la darasa pamoja na yale maandishi ya chini yake. Kanijibu poa, akipata muda. Namwandikia tena leo, na kama wewe uko kwenye lile kundi jingine, tafadhali mwandikie wa kwenu.